Nchi Ambayo Hakuna Anayelala Kwake

Njia ya kwenda Zamuni sitaieleza. Waliofika huko hawakubaliani kama ipo ng'ambo ya milima au ng'ambo ya maji, na Bwana Tendwa mwenyewe, ambaye habari hizi ni zake, ukimuuliza alipitia wapi anakunja uso na kukuambia kwamba alipanda, akashuka, akafika. Kwake jambo la maana lilikuwa kufika kabla binti yake hajajifungua. Alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, mtu wa kupenda utaratibu mpaka walimu wa wilaya nzima walikuwa wakimwogopa. Mkewe alikwisha kufariki, na Siwema ndiye mtoto wake wa pekee. Mjukuu huyu aliyekuwa njiani alimtia wasiwasi kuliko mtihani wowote aliowahi kuusimamia.

Siwema alikuwa ameolewa huko Zamuni na kijana aitwaye Shebe. Kila alipopeleka salamu kwao, aliisifu nyumba yake: milango ya bluu, sakafu ya vigae, mndimu uani, bafu lenye dirisha lake. Kwa hiyo Bwana Tendwa alipoingia mjini na kuiona nyumba yenye milango ya bluu kando ya barabara kuu, hakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Alitua mzigo, akapiga hodi huku anatabasamu peke yake.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke aliyebeba mashuka begani. Alisema yeye ni mfagiaji, na kwamba wenyewe hawapo.

"Wameenda wapi?"

"Wako Ukumbini. Wanasubiri."

"Wanasubiri nini?"

"Nyumba," alisema yule mwanamke, na akamtazama kama mtu aliyeulizwa maji yanatumika kufanyia nini.

Ukumbi ulikuwa ng'ambo tu ya barabara. Lilikuwa paa kubwa mno juu ya nguzo nyingi, bila kuta, na chini yake, kadiri macho yalivyofika, kulikuwa na mikeka, na juu ya mikeka watu. Wengine walikuwa wamelala, wengine wanasukana nywele, wengine wanakula. Bwana Tendwa alipita katikati yao akiomba radhi kila hatua, mpaka akamwona binti yake ameegemea nguzo, miguu imevimba, tumbo liko juu, anajipepea kwa kipande cha ukindu. Moyo ulimuuma.

"Shikamoo baba," alisema Siwema kwa furaha. "Mbona hukusema unakuja? Shebe, baba kaja, mpishe kwenye mkeka."

"Marahaba. Mwanangu, unalala hapa?"

"Kwa sasa tu. Tunasubiri kuthibitishwa."

"Na ile nyumba ng'ambo pale si yenu?"

"Ni yetu, baba. Ndiyo tuliyoikabidhi."

Shebe, ambaye alikuwa kijana mpole na mwenye adabu, na ambaye kosa lake moja lilikuwa kuamini kila alichoelezwa mara mbili, aliketi mbele ya mkwewe na kumfafanulia desturi ya nchi. Kila mtu wa Zamuni, alisema, ana nyumba aliyozaliwa nayo au aliyooa nayo, na hiyo huitwa nyumba mama. Lakini nyumba mama si ya kulala. Hiyo mtu huikabidhi serikalini, katika idara iitwayo Msawazisho, naye hupata haki ya kwenda kulala katika nyumba ya mtu mwingine yenye uzito sawa na yake. Huyo mwingine naye atalala kwa mwingine, na mwingine kwa mwingine, hivyo nchi nzima itakuwa inatembea na kustarehe.

"Ukilala kwako, baba, umelala tu," alisema Shebe. "Ukilala kwa mwenzio umesafiri."

"Na nyinyi mmelala kwa nani?"

"Bado."

"Tangu lini?"

"Tangu harusi," alisema Siwema, akiangalia pembeni.

Bwana Tendwa aliuliza mengine, na alichojibiwa alikisikiliza kwa makini kama alivyozoea kusikiliza maelezo ya mwalimu mkuu ambaye choo cha shule kimeanguka. Sheria ilisema kwamba aliyekwisha kukabidhi haruhusiwi kukanyaga kizingiti cha nyumba yake, maana akiizoea, kwingine atakutamani kwa lipi? Bafu lenye dirisha Siwema alikuwa amelichungulia siku wafagiaji walipoacha mlango wa nyuma wazi. Nyumba zote za mji zilikuwa hivyo, zimefagiwa, zimepigwa deki, vitanda vimetandikwa, wala hamna mtu. Kila asubuhi wafagiaji waliyaondoa mashuka ambayo hayakulaliwa, wakayafua, wakayaanika, na jioni wakayatandika tena. Kwa weupe wa mashuka hakuna nchi iliyoishinda Zamuni.

Watu wa Ukumbini nao hawakuulizana hali. Mtu akimpita mwenzake alisema, "Umethibitishwa?" na mwenzake akajibu, "Karibu hivi," na wote wawili wakaridhika.

Nyumba ambayo Siwema na Shebe waliiomba iliitwa Ngazi Tatu, nayo ilikuwa juu ya kilima, inatazama ziwa. Mwenyewe alikuwa bwana mmoja mnene aitwaye Ngwali, na mkeka wake uligusana na wao. Bwana Tendwa alipomuuliza yeye anasubiri nyumba ipi, Ngwali alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

"Ile ya milango ya bluu," alisema. "Mimi napenda ndimu."

Bwana Tendwa alimtazama Ngwali, akamtazama Shebe, akaitazama ile mikeka miwili iliyogusana.

"Wewe unaitaka yao, na wao wanaitaka yako."

"Naam."

"Sasa si mbadilishane?"

Mama mmoja jirani alimziba mtoto wake masikio. Shebe akainama na kumnong'oneza mkwewe kwamba kubadilishana uso kwa uso, bila kupitia Msawazisho, huitwa magendo ya usingizi, na neno hilo halisemwi mbele za watu. Msawazisho ulikuwa unalishughulikia suala lao, tena umefika mbali. Kilichobaki ni birika tu.

Ngazi Tatu ilikuwa na birika na Milango ya Bluu haikuwa nalo, kwa hiyo nyumba hizo hazikuwa sawa. Shebe akatafuta birika, akalipeleka. Maofisa wakagundua kwamba birika la Ngazi Tatu hupiga mluzi maji yakichemka. Shebe akatafuta lenye mluzi. Sasa ilidaiwa kuwa mluzi wa hili ni mwembamba kuliko wa lile, na ofisi imegawanyika kati ya wanaosema mluzi ni raha inayoongeza uzito na wanaosema ni kelele inayoupunguza. Njia pekee ya kukata shauri ni kuyachemsha mabirika yote mawili na kuyasikiliza. Lakini ili yachemshwe lazima mtu awe ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba haruhusiwi mtu ambaye hajathibitishwa.

"Kwa hiyo mtoto atazaliwa hapa sakafuni," alisema Bwana Tendwa.

Hapo ndipo alipoona kwamba furaha ya binti yake ilikuwa ya usoni tu. Siwema aliacha kujipepea. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mtoto wa Zamuni huhesabiwa wa nyumba alimozaliwa. Akizaliwa Ukumbini hana nyumba mama, hivyo hana cha kukabidhi, na asiye na cha kukabidhi hapati nafasi hata kwenye mkeka. Hao ndio wanaokuwa wafagiaji. Maisha yao yote hutandika vitanda, na kitanda hawakilalii.

"Nimeomba waharakishe, baba. Wameniambia nisimharakishe mtoto."

Aliyesema hivyo alikuwa mtoto wake, ambaye alimlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki, na alikuwa anatazama chini ili baba yake asimwone machozi. Bwana Tendwa aliinuka, akajipangusa suruali, akauliza ofisi iko wapi.

Msawazishaji Mkuu aliitwa Bwana Mwinjaka. Alikuwa mtu mstaarabu, mwenye macho ya uchovu, na kwenye meza yake kulikuwa na mto, maana naye alikuwa anasubiri kuthibitishwa na hulala hapo hapo. Wasaidizi wake wawili walikuwa wamesimama wakibishana kuhusu nyumba yenye madirisha mawili yanayoelekea ziwani ambako ziwa halionekani: je, ni sawa na yenye dirisha moja ambako ziwa linaonekana nusu? Msaidizi mrefu alishikilia kwamba kuelekea ni nia, na nia ina uzito. Mfupi alisema kwa nia hiyo hata choo kinaelekea ziwani. Bwana Tendwa aliwasubiri wachoke, akaona hawana dalili, akakohoa.

"Binti yangu ni mjamzito, atajifungua wakati wowote," alisema. "Nyumba yake ipo pale, tupu, imetandikwa. Naomba mmpe ufunguo."

Bwana Mwinjaka alimkaribisha kiti. "Mzee wangu, unajua unaomba nini? Watu wanakuja hapa kuomba ziwa. Wanaomba kilima, wanaomba bustani. Hajatokea mtu kuomba kwake. Huko ni kumrudisha binti yako nyuma, nami ningekuwa adui yake."

"Atajifungulia sakafuni."

"Tunalijua. Limo katika mambo yanayotuhuzunisha."

Hakusema hivyo kwa dharau. Alihuzunika kweli, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi Bwana Tendwa, kwa sababu afisa mkorofi unaweza kugombana naye, lakini mwenye huruma na asiyefanya kitu utamshika wapi? Alikuwa anainuka aondoke wakati Bwana Mwinjaka, kwa kutafuta tu maneno ya kuagana, alipomuuliza yeye mwenyewe anakaa wapi.

"Nina kijumba changu kwetu."

Wasaidizi waliacha kubishana. "Kwenu wapi?" aliuliza mrefu.

"Mbali."

"Nje ya Zamuni?"

"Ndiyo, nje."

Bwana Mwinjaka aliusukuma mto pembeni. Msaidizi mfupi alikwenda kufunga mlango, akabadili mawazo, akauacha wazi kidogo ili waliokuwa nje wasikie. Wakamuomba aieleze hiyo nyumba, na Bwana Tendwa, ambaye katika kazi yake yote hakuwahi kutia chumvi ripoti, aliieleza ilivyo.

"Dirisha la mbele linatazama choo cha jirani," alisema.

Maofisa wakatazamana. Katika Zamuni nzima hapakuwa na nyumba yenye mandhari hayo.

"Paa la jikoni linavuja."

"Linavuja ndani?" aliuliza Bwana Mwinjaka polepole. "Yaani mtu yuko jikoni kwake na mvua inamfikia?"

"Inamfikia. Na jirani ana jogoo asiye na adabu, anawika saa asizotarajiwa."

"Anawika vipi?" aliuliza mrefu, akisogea karibu.

Bwana Tendwa alikataa kuwika. Lakini hakukuwa na haja, kwa kuwa habari zilikwisha kutoka nje na kuvuka barabara. Aliporudi Ukumbini alikuta watu wamesimama. Walioomba ziwa walikuwa wameliacha, walioomba kilima wamekikana, na wote sasa wanaomba nyumba ya mzee mgeni, ile inayotazama choo. Ngwali alimfuata Shebe na kumwomba radhi kwa uungwana, akasema suala la birika ameliondoa, yeye ndimu zimemtoka moyoni, anachotaka ni kusikia yule jogoo. Palipo na kitu ambacho wote wanakitamani na hakuna aliyekiona, bei yake haina mwisho, na kwa hesabu za Msawazisho kijumba cha Bwana Tendwa kilikuwa na uzito kuliko nyumba zote za mji zikiwekwa pamoja.

Bwana Mwinjaka akaja mwenyewe na rundo la funguo. Achague. Kulikuwa na Ngazi Tatu, kulikuwa na nyumba ya ghorofa ya kando ya ziwa, kulikuwa na nyumba ya mviringo ambayo haijawahi kukabidhiwa mtu tangu ijengwe.

"Nataka ile ya milango ya bluu."

"Ile ya hapo mbele tu?"

"Ile."

"Mzee wangu, pumzika kwanza. Umetoka safari."

"Nipe ufunguo."

Sharti lilikuwa moja, naye alijua litakuja: kabla hajapewa, akabidhi. Bwana Tendwa aliingiza mkono mfukoni, akaugusa ufunguo wake mwenyewe. Ndani ya kijumba kile ndimo alimofia mkewe, na kanga yake ilikuwa bado imening'inia nyuma ya mlango wa chumbani, hakuna aliyethubutu kuiondoa. Kumkabidhi mgeni mlango ule ilikuwa kama kumkabidhi mkewe mwenyewe. Kisha akamsikia Siwema nyuma yake ameguna, ameshika kiuno, na palepale akautoa ufunguo bila kuutazama.

Shebe bado alikuwa na hofu. Alitaka kujua kama yeye na mkewe hawatakuwa wamekanyaga kizingiti cha nyumba mama. Bwana Mwinjaka alilifikiria na kuamua kwamba sheria inamkataza mwenye nyumba kuingia kama mwenye nyumba. Kuhusu mwenye nyumba anayeingia kama mgeni wa mgeni wake, sheria haikusema kitu. Ila ni lazima akaribishwe.

Basi Bwana Tendwa akafungua mlango wa bluu, akasimama kizingitini, akamwambia binti yake, "Karibu kwangu."

"Asante, baba," alisema Siwema. Akaingia, akauliza bafu liko wapi.

Shebe alivua viatu tangu barabarani. Alikitazama kiti, akakiomba radhi, akaketi chini. Nyuma yao alifuata Bi Mkasi, bibi kizee ambaye mkeka wake ulikuwa upande wa pili wa nguzo, na ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyewazalisha wanawake wa Ukumbini. Yeye alipofika ndani aliuweka mkono ukutani na kuuacha hapo, na alipoombwa maji ya moto hakusikia mpaka alipoitwa tena.

Mchana ule mtoto akazaliwa. Alikuwa wa kike, mwenye sauti kubwa, na walimpa jina la bibi yake, Salima. Bwana Tendwa alikabidhiwa ampakate. Alijaribu kutoa maneno ya busara yanayomfaa mtu wa umri wake, yakamkataa, akalia tu. Siwema alikuwa amelala juu ya shuka jeupe ambalo lilikuwa limefuliwa kila siku tangu harusi yake, na sasa kwa mara ya kwanza lilikuwa limechafuka. Yule mfagiaji alichungulia, akaliangalia shuka lile, akacheka.

Jua lilikuwa bado halijaanza kushuka Bwana Mwinjaka alipobisha hodi. Alikuja na wasaidizi wake na zawadi ya mashuka, akawapa hongera. Bwana Tendwa alimuuliza kijumba chake kimethibitishwa kwa nani.

"Bado tunajadiliana. Wamekiomba wote."

"Na mnajua kiko wapi?"

Bwana Mwinjaka aliwatazama wasaidizi wake. "Hilo liko katika hatua inayofuata," alisema, na Bwana Tendwa akapumua.

Kisha Msawazishaji Mkuu akatangaza jambo lililomleta. Mtoto amezaliwa chini ya paa, kwa hiyo tangu leo yeye ni mwenye nyumba ya Milango ya Bluu, pamoja na wazazi wake, kwa haki zote. Siwema akafumba macho kwa furaha.

"Amezaliwa msimu gani?" aliuliza Shebe, maana Zamuni msimu wa kuzaliwa nao humwongezea mtu uzito.

"Wa Dhahabu."

"Wa Dhahabu," alirudia Shebe, akamtazama mwanawe kwa fahari.

"Na kwa kuwa sasa ni mwenye nyumba," aliendelea Bwana Mwinjaka, "haruhusiwi kulala katika nyumba mama. Yeye si mgeni wa mtu humu. Kabla jua halijazama ahamie Ukumbini, nasi tumempa nafasi nzuri karibu na nguzo. Msifadhaike. Kwa msimu wake huo anaweza akapata hata ziwa."

Shebe, kwa mazoea, alianza kukusanya nguo za mtoto. Bwana Tendwa alifungua kinywa abishe, na hapo akaona kwamba hana la kubishia. Nyumba aliyokuwa nayo alikwisha kuitoa, na hakuwa na nyingine. Aliketi pembeni ya kitanda, mikono juu ya magoti, na aliona aibu kwamba amefika mbali kiasi kile kumsaidia mwanawe na msaada umeishia mchana mmoja.

"Mtoto kalala," alisema Siwema.

"Atabebwa taratibu," alisema Bwana Mwinjaka.

"Hatoki. Na mimi sitoki."

Bwana Mwinjaka hakukasirika. Alidhani hajaeleweka, akaeleza tena tangu mwanzo, kwa upole, mpaka kwenye nguzo na ziwa. Siwema alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimeelewa," alisema. "Sitoki."

Madirishani watu walikuwa wameanza kujazana. Msaidizi mrefu alimuuliza mfupi sheria inasemaje kwa anayekataa, na mfupi hakujua, kwa sababu tangu nchi iwe nchi hajatokea aliyekataa. Bwana Mwinjaka alijua. Alikuwa amekaririshwa jibu hilo siku alipokula kiapo, na alikuwa ameomba Mungu asije akalazimika kulisema. Alivua kofia.

"Atakayekataa kutoka katika nyumba mama," alisema, "jina lake litafutwa katika Msawazisho. Hatalala tena kwa mtu yeyote, wala mtu yeyote hatalala kwake. Atafungiwa kwake mpaka mwisho wa maisha yake."

Nje wanawake walishika vichwa. Ngwali alianza kulia waziwazi, na mtu mmoja akaomba watoto waondolewe.

"Humu?" aliuliza Siwema.

"Humu."

"Na bafu?"

"Na bafu, na ua, na ule mndimu. Mpaka kufa, mwanangu. Ndiyo maana nakusihi."

"Naipokea adhabu," alisema Siwema, akavuta shuka akamfunika mtoto.

Bwana Mwinjaka alipangusa macho, akamgeukia Shebe. Alimwambia kwamba adhabu ni ya mwanamke na mtoto aliye naye, yeye bado yu huru, na nafasi yake Ukumbini ipo. Shebe alisimama na zile nguo mkononi. Alilitazama paa kubwa ng'ambo ya barabara, ambako alikuwa amesubiri kwa imani yake yote. Kisha akazirudisha nguo mahali alipozitoa, akavuta kile kiti, akakikalia.

"Na mimi nimekataa," alisema.

Maofisa walitoka mmoja nyuma ya mwingine kama watu wanaotoka msibani, na umati ukawapisha. Bi Mkasi alikuwa bado ananawa mikono uani. Alipomaliza aliikausha kwenye kanga yake, akatoka kwa mlango wa mbele, akamshika Bwana Mwinjaka kiwiko.

"Mwanangu," alisema, "kosa alilolifanya huyu binti, mimi nikalifanyie wapi?"

Bwana Mwinjaka hakuwa amewahi kuulizwa swali hilo, lakini alikuwa mtu wa kujibu kila anachoulizwa. "Kwako, bibi," alisema. "Linafanyika kwako tu."

Bi Mkasi alivuka barabara, akakunja mkeka wake, akauweka kwapani. Akarudi mpaka katikati ya barabara, akatazama upande huu wenye nyumba, akatazama na ule, na nyumba zote zilikuwa safi, zimefungwa, mashuka yamo ndani.

"Jamani," aliwauliza watu, "kuna anayekumbuka kwangu ni wapi?"

Walitazamana, kisha mmoja mmoja wakaanza kutoka chini ya paa na kusimama barabarani karibu naye, kila mtu akizikagua zile nyumba na kujaribu kuikumbuka yake.